Kutunza AC na hita ya gari la spoti la zamani: mwongozo kamili kwa barabara za Nakuru hadi Kisumu

Safari ya Nakuru hadi Kisumu hukupitisha katika hali mbili za hewa kwa siku moja. Mau Summit iko juu ya mita 2,000, na asubuhi ukungu wake hufunika kioo cha mbele ghafla. Saa chache baadaye unateremka Kericho kuelekea Awasi na Ahero, na joto la tambarare likichanganyika na unyevu wa ziwa linakupokea. Gari la spoti la miaka ya 1980 au 1990, kama Toyota Celica, Supra, MR2, Nissan Fairlady Z au Mazda RX-7, lilijengewa kukabili hali zote mbili. Likishindwa leo, ni kwa sababu halikutunzwa.

Huku kwetu magari haya yana heshima yake. Celica ilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, ikarudi kushinda 1990, 1992 na 1993, na tangu 2021 mashindano hayo ya dunia yanafanyika Naivasha, ndani ya kaunti ya Nakuru. Kwa hiyo mwenye gari la aina hii hutumia pesa kwa injini, tabochaja na shokabsoba bila kusita. Mfumo wa hewa huachwa hadi siku jasho linapozidi, ndipo mtu anapeleka gari kwa fundi na kusema, "Niongezee gesi." Naomba uache kabisa kusema hivyo. Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka humo humo. Mipira ya zamani hupitisha kidogo kidogo kwa miaka mingi, hilo ni kweli, lakini gesi ikiisha ndani ya miezi michache, kuna tundu. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kulipia kazi ile ile kila msimu, huku kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, ikifa polepole kwa kukosa oili.

Utaratibu ninaoutetea ni huu: hewa kwanza, umeme wa pili, maji ya hita ya tatu, gesi mwisho. Matatizo mengi huisha kabla hujafika kwenye gesi, na hatua tatu za kwanza unaweza kuzifanya mwenyewe nyumbani.

Hatua ya kwanza: njia ya hewa

Fungua boneti utazame kondensa, ile wavu ya alumini iliyo mbele ya rediata. Kazi yake ni kutoa nje joto lililotolewa ndani ya gari. Gari la spoti liko chini, bampa yake ina mdomo mpana, na kila jiwe na kila mdudu wa barabarani huishia pale. Anayeishi Kisumu anawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi na kutanda hewani. Ukipita katikati yao usiku mmoja tu, mapezi ya kondensa yanazibwa na uchafu unaokauka kama gundi. Nakuru tatizo ni vumbi laini la udongo wa volkano, ambalo likichanganyika na oili iliyovuja huwa tope gumu.

Osha kwa maji ya bomba yenye nguvu ndogo na sabuni laini, ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Usiwaachie vijana wa kuosha magari waelekeze mashine ya presha pale. Mapezi yale ni membamba sana na yakilala hewa haipiti tena. Yaliyolala tayari yanyooshe taratibu kwa kijiti cha plastiki au kichanio chake maalumu.

Kisha angalia kitu ambacho mafundi wengi hukiruka: sponji na mipira inayoziba nafasi kati ya kondensa, rediata na bodi. Baada ya miaka thelathini huwa imeoza au imetupwa na aliyebadilisha rediata. Bila hiyo, hewa ya moto kutoka kwenye injini huzunguka na kurudi mbele ya kondensa gari linaposimama kwenye foleni. Sponji ngumu inayostahimili joto, ikikatwa vizuri na kubanwa mahali pake, hurudisha baridi ambayo ulidhani ni gesi imepungua.

Washa AC na utazame feni za mbele. Magari mengi ya Kijapani ya wakati huo huwasha feni mara kompresa inaposhika, yaani inapoanza kuzunguka. Dalili ya feni mbovu ni rahisi kuitambua: gari likikimbia kuna baridi, likisimama Kondele kwenye msongamano hewa inageuka vuguvugu.

Sasa ingia upande wa ndani. Chini ya kioo cha mbele, penye mikono ya wipa, kuna mlango wa hewa. Ukiegesha Nakuru chini ya mijakaranda, maua na majani huingia humo, yanaziba matundu ya kutolea maji, na mvua ikinyesha maji yanamiminika hadi kwenye feni ya ndani. Toa plastiki ya juu, ondoa takataka kwa mkono, umimine maji jagi moja na uhakikishe yanatoka chini ya gari.

Magari mengi ya umri huu hayana kichujio cha hewa ya ndani, kwa hiyo vumbi lote hukamatwa na evaporeta, ile wavu baridi iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Harufu ya soksi mbichi unapowasha AC inatoka hapo. Fungua kisanduku kidogo cha dashibodi upande wa abiria, toa feni au rezista yake (kifaa kinachopunguza kasi ya feni), na mulika ndani kwa tochi. Pulizia dawa ya povu ya kusafishia evaporeta, iache ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha suuza kwa maji kidogo ukilinda nyaya. Maji lazima yatokee kwenye kipaipu cha chini ya gari. Yasipotoka, kipaipu kimezibwa. Kizibue kutoka chini kwa waya laini uliopindwa ncha, bila kusukuma kwa nguvu, maana evaporeta iko karibu na hutaki kuitoboa.

Ukiona vipande vyeusi vya sponji vikirushwa na matundu ya dashibodi, hiyo ni ngozi ya vile vifuniko vya ndani vinavyogawa hewa ya moto na ya baridi. Sponji ikiisha, hewa ya moto hupenya hata ukiweka baridi kabisa. Dawa yake ni kushusha boksi la hita na kuvika vifuniko sponji mpya yenye gundi. Ni kazi ya kutwa nzima na inachosha, lakini ukishafungua dashibodi kwa sababu nyingine yoyote, usiifunge kabla ya kuifanya.

Hatua ya pili: umeme na sensa

Kompresa isiposhika, anza na fyuzi, kisha rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Badilisha rilei na nyingine inayofanana nayo ndani ya boksi hilo hilo uone. Ikiwa bado, chukua multimita upime umeme kwenye waya wa klachi ya kompresa, ile sumaku ya umeme inayoiunganisha kompresa na mkanda wa injini, AC ikiwa imewashwa. Ukikuta volti 12 na klachi haivutwi, zima injini uchomoe waya na upime ukinzani wa koili; nyingi huwa kati ya omu 3 na 5. Isiposoma chochote, koili imekatika. Ikisoma vizuri, huenda nafasi kati ya sahani na puli imepanuka kwa kulika. Kwa kompresa nyingi za Denso nafasi hiyo inatakiwa kuwa takriban milimita 0.35 hadi 0.65, na hurekebishwa kwa kuondoa washa moja nyembamba. Watu hununua kompresa nzima kutoka Grogan au Kirinyaga Road, Nairobi, kwa sababu ya washa hiyo.

Umeme usipofika kwenye klachi kabisa, swichi ya presha inaweza kuwa imekata kwa sababu gesi ni chache. Swichi hiyo ni mlinzi. Usiiunganishe moja kwa moja kwa waya ili kompresa izunguke; gesi ndiyo inayosafirisha oili, na kompresa inayozunguka bila gesi hujisaga na kujaza vumbi la chuma mfumo mzima.

Feni ya ndani ikifanya kazi kwa kasi ya juu kabisa tu, rezista imeungua. Kwenye magari yenye AC ya kujiendesha yenyewe, kazi hiyo hufanywa na transista ya nguvu, nayo hupozwa na hewa ya feni, ndiyo maana majani yaliyoziba huiua.

Magari haya yenye AC ya kujiendesha yana uwezo wa kujipima ambao wenye magari wengi hawaujui. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, bonyeza AUTO na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kwa pamoja huku ukifungua swichi hadi ON. Taa zote zitawaka na kuzima mara nne, kisha namba za hitilafu zitatokea. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya joto la nje, 13 ya evaporeta, na 21 ni sensa ya jua iliyo juu ya dashibodi. Kuhusu 21 uwe makini: ukipima ndani ya gereji yenye kivuli, namba hiyo hutokea hata sensa ikiwa nzima, kwa kuwa haioni jua. Mulika kwa balbu kali au toa gari nje ndipo uamini. Kwenye Nissan Fairlady Z ya miaka ya 1990, washa injini na ndani ya sekunde 10 ubonyeze OFF kwa sekunde 5.

Sensa ya nje hukaa nyuma ya bampa, na gari lililogongwa mbele mara nyingi huipoteza. Sensa ya ndani hukaa nyuma ya katundu kadogo kenye mistari kwenye dashibodi, na hufyonza hewa ya chumbani kupitia mpira mwembamba. Mpira huo ukichomoka, sensa hupima joto la nyuma ya dashibodi, na gari linakugandisha au kukuchoma bila sababu. Kuurudisha mahali pake hakugharimu shilingi.

Hatua ya tatu: hita na maji yake

Nimesikia watu wa Kisumu wakisema hita haina maana kwao, na wengine wamekata mipira yake na kuifunga. Sikubaliani nao hata kidogo. Hita na AC zikifanya kazi pamoja ndizo zinazosafisha kioo chenye ukungu: AC inakausha hewa, hita inaipasha, na hewa kavu yenye joto inafyonza unyevu wa kioo kwa dakika chache. Ukikutana na lori Londiani usiku wa mvua huku unafuta kioo kwa kitambaa, utajua hita ni kifaa cha usalama kama breki.

Injini ikishapata moto, weka hita hadi mwisho wa joto, kisha gusa kwa uangalifu mipira miwili inayoingia ukuta wa nyuma wa injini. Ikiwa yote miwili ni ya moto, maji yanapita, na tatizo liko kwenye vifuniko au kebo. Ikiwa mmoja ni moto na mwingine baridi, ama valvu ya hita imekwama ama rediata ndogo ya hita imeziba. Injini ikipoa, ichomoe mipira na usukume maji ya bomba yenye presha ndogo, kwanza kinyume cha mwelekeo wake wa kawaida, kisha kwa mwelekeo wake, hadi yatoke meupe.

Kinachoziba ni kutu, na kutu inatokana na maji ya mfereji yaliyotiwa peke yake. Wengi huona kulanti, yaani dawa ya maji ya rediata, ni ya nchi za barafu. Kwetu faida yake kubwa ni dawa za kuzuia kutu zilizomo. Tumia kulanti nusu na maji yaliyochujwa madini nusu, na ubadilishe kila baada ya miaka miwili, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Tena, mwambie fundi arudishe themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rediata hadi injini ipate moto, kama iliondolewa. Bila themostati, maji hayafikii joto lake kwenye mteremko wa baridi, hita inabaki vuguvugu, na injini inakula petroli zaidi.

Ukijaza, inua pua ya gari, fungua hita yote, na utoe hewa hadi povu liishe. MR2 inahitaji subira ya pekee: injini iko nyuma ya viti, rediata iko mbele, na maji husafiri kwa mabomba marefu chini ya gari. Ina mahali maalumu pa kutolea hewa huko mbele, na ukipapuuza itachemka.

Zulia la upande wa abiria likilowa, gusa maji hayo. Yakiwa safi, ni kipaipu cha evaporeta. Yakiwa ya kunata na yenye harufu tamu, rediata ya hita imetoboka, na hilo halingoji.

Hatua ya nne: gesi

Hapa vaa miwani na glavu. R134a, gesi ya AC iliyochukua nafasi ya R12 ya zamani, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri; ikirukia jicho inaligandisha. Na kama huna geji za kupima presha, pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa yote) na mizani, tafuta fundi mwenye navyo, ila ubaki naye ukijua unachotazama.

Soma kibandiko chini ya boneti au karibu na kondensa. Kinataja aina ya gesi na uzito wake. Magari ya kabla ya takriban 1992 yalitoka na R12, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiondoa kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Milango ya kujazia R12 hufungwa kwa kuzungusha kama skrubu. Ile ya R134a ni mipana na hubanwa kwa kubofya.

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, unganisha geji. R134a kwenye joto la nyuzi 27 husoma kama psi 85 (kipimo cha presha) pande zote mbili, wa chini wenye presha ndogo na wa juu wenye presha kubwa, mradi kuna gesi ya kutosha. Usomaji huu hautakuambia ni gramu ngapi, ila ukisoma 20 ujue imevuja sana. Washa injini, milango wazi, AC mwisho, injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwenye joto la nyuzi 30 hivi tegemea upande wa chini psi 25 hadi 45 na wa juu 180 hadi 230. Upande wa chini ukisoma presha kubwa mno na wa juu presha ndogo mno, kompresa imechoka. Pande zote zikiwa juu kupita kiasi, gesi imezidi, au kuna hewa ndani, au kondensa haipati upepo. Upande wa chini ukizama kuelekea sifuri na zaidi, valvu ya ekspansheni, inayopimia gesi kuingia kwenye evaporeta, imekwama. Na kama hilo hutokea baada ya robo saa kisha hupona gari likipumzika, kuna unyevu unaoganda ndani ya valvu, na driya, kile kichujio kinachofyonza unyevu wa mfumo, imeshiba maji.

Kutafuta tundu, anza kwa macho: mahali penye oili na vumbi lililonata ndipo gesi inatokea. Angalia viungo vyote, shafti ya mbele ya kompresa, na sehemu ya chini ya kondensa. Kisha tumia rangi ya kung'aa na tochi yake, au jaza nitrojeni kavu hadi psi 150 na upake povu la sabuni. Nitrojeni tu. Katika gereji za jua kali mtungi wa oksijeni wa kuchomelea uko karibu na unashawishi. Oksijeni ikikutana na oili chini ya presha hulipuka na kuua. Na gesi ya kupikia isiingizwe kwenye AC hata mtu akikuapia kwamba inapoza vizuri. Inapoza kweli, hadi siku evaporeta itakapovuja ndani ya chumba ulichoketi.

Ukifungua mfumo, gesi iliyobaki ifyonzwe kwa mashine, isiachwe hewani. Badilisha oringi zote (pete za mpira za viungo) ulizozigusa kwa zile za R134a, zipake oili ya kompresa, na kaza kila kiungo kwa spana mbili ili bomba la alumini lisijikunje. Driya mpya ni lazima. Ifungue kifuniko dakika ya mwisho. Rudisha oili iliyotoka na sehemu uliyobadilisha: kadiri ya mililita 10 hadi 20 kwa driya, 40 hivi kwa kondensa au evaporeta. Kompresa nyingi za Kijapani zenye R134a hutumia oili aina ya PAG 46. Gari lililohamishwa kutoka R12 litiwe oili ya esta, ile ya madini ikiwa imemwagwa, na gesi iwe asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R12 ulioandikwa.

Vuta vakyumu kwa dakika 30 hadi 45. Hapa mwinuko wetu una neno lake. Vitabu vinasema geji ifike inchi 29 za zebaki, lakini hiyo ni ya usawa wa bahari. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, vakyumu kamili husoma kama inchi 26. Nakuru, kwenye mita 1,850, ni kama 24. Pampu nzima imewahi kutupwa kwa sababu fundi alingoja 29 ambayo haiwezi kufika. Ukifunga valvu, sindano isimame palepale kwa nusu saa. Ikirudi, rudi kwenye sabuni.

Jaza kwa mizani, upande wa chini, kopo likiwa wima injini ikizunguka. Usifungue valvu ya upande wa juu injini ikiwa hai. Presha itarudi kwenye kopo na kulipasua. Ukifikisha uzito, acha, hata kama unahisi ingepoa zaidi. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati. Nyuzi 5 hadi 10 ni kazi nzuri. Mchana wa unyevu kando ya ziwa, hata 12 usiihesabu kuwa hitilafu.

Kuitunza baada ya hapo

Washa AC dakika 10 kila wiki, hata Nakuru kwenye baridi ya Julai, ili oili ilowanishe sili ya kompresa, ikikauka hupasuka. Dakika chache kabla ya kufika nyumbani, zima AC na uache feni ikaushe evaporeta. Kondensa ioshwe mara unaporudi kutoka ziwani wakati wa wadudu. Mkanda wa kompresa uukague kila unapobadilisha oili ya injini.

Na kila kazi ya gesi ikiisha, bandika karatasi ngumu chini ya boneti: aina ya gesi, gramu, aina ya oili, tarehe, na kiungo kilichokuwa kikivuja. Fundi atakayefungua gari hilo Kakamega au Eldoret miaka mitatu ijayo hatalazimika kukisia.